Namna Halmashauri Inavyoweza Kutetea Fedha za Huduma Zisipunguzwe

Madiwani wengi hujua kwamba fedha za huduma zimepunguzwa siku wanapokabidhiwa kabrasha la bajeti, wakati nafasi ya kubadili chochote imekwisha kupita. Maelezo haya yanahusu halmashauri za Mtwara na Lindi, ambako zahanati na shule nyingi za msingi hutegemea ruzuku ya Serikali Kuu kwa karibu kila kitu.

Kwanza tenganisheni ukomo wa bajeti ulioshushwa, yaani kiwango cha juu mnachoruhusiwa kupanga, na fedha zilizoidhinishwa ambazo hazikufika. Mwombeni mweka hazina na afisa mipango waandae jedwali la miaka mitatu linaloonyesha, kwa kila huduma, kiasi kilichoombwa, kilichoidhinishwa na kilichopokelewa. Ukomo hutetewa kabla Bunge halijapitisha bajeti. Fedha zisizofika hudaiwa robo kwa robo, kwa barua ya Mkurugenzi kwenda TAMISEMI, wizara inayosimamia halmashauri, kupitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Halmashauri inayochanganya madai hayo katika barua moja hujibiwa lile lililo rahisi, na lililo zito likaachwa.

Kisha geuzeni tarakimu kuwa huduma, na hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Chagueni zahanati moja, na kamati yake ya usimamizi ikae na mganga mfawidhi kuandika ukurasa mmoja tu: ni siku ngapi gari la wagonjwa lilikosa mafuta, ni miezi gani gesi ya jokofu la chanjo iliisha, na ni wajawazito wangapi walipelekwa kituo cha afya kwa bodaboda. Kila jambo liwe na tarehe yake kutoka kwenye rejista, bila kutaja jina la mgonjwa. Kwa halmashauri kama Liwale, yenye eneo kubwa na vijiji vilivyo mbalimbali, hoja ya idadi ya watu peke yake itawaumiza. Elezeni kilomita, hali ya barabara wakati wa masika, na gharama ya kufikisha dawa hadi kijiji cha mwisho.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili, kwa hiyo hoja inapaswa kuwa tayari kabla Baraza la Madiwani halijapitisha makadirio mwanzoni mwa mwaka wa kalenda. Kwa bahati mbaya, miezi ya maandalizi ndiyo ya minada ya korosho, na huku Kusini shughuli zote huhamia maghalani. Pangeni vikao mapema. Mwaka 2018, sheria ilipobadilishwa ili asilimia 65 ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje, iliyokuwa ikirudi kuendeleza zao hilo, ibaki Mfuko Mkuu wa Serikali, wabunge wa Kusini walipinga kwa nguvu. Lakini ilikuwa Juni, muswada ukiwa tayari bungeni, nao ukapita.

Msimtwike Mkurugenzi kazi ya kusema hadharani. Yeye ni afisa masuuli, yaani mwenye dhamana ya fedha za halmashauri, na ni mtumishi wa Serikali. Kazi hiyo ni ya Mwenyekiti wa Halmashauri au Meya. Mbunge ni mjumbe wa Baraza lenu, hivyo apewe ule ukurasa mmoja mkononi kabla hajaenda Dodoma. Hoja inayogusa wilaya nyingi ipelekwe Kamati ya Ushauri ya Mkoa na ALAT, jumuiya ya halmashauri zote nchini, kwa kuwa halmashauri tisa za Mtwara na sita za Lindi zikisema jambo moja hazipuuzwi kirahisi. Ombeni mambo mawili au matatu tu, mliyokubaliana kwamba hayaachiki.

Atakayewasikiliza ataanza kwa kuuliza mmekusanya kiasi gani wenyewe. Jibuni hoja za ukaguzi za CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali), oanisheni ushuru wa mazao na mauzo ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), na onyesheni kwamba asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu imetengwa.

Bajeti ikishapitishwa, kila robo mwaka mtendaji wa kijiji abandike kwenye ubao wa matangazo kiasi kilichopokelewa na matumizi yake, kisha akisome kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Muhtasari wa mkutano huo, wenye maswali ya wananchi na majibu waliyopewa, upelekwe Kamati ya Maendeleo ya Kata na kuhifadhiwa, maana ndio utakaoambatishwa kwenye hoja ya mwaka unaofuata.