Kura ya diwani England: nani anaruhusiwa, kinachokwamisha, na namna ya kumtumia diwani wa kata yako

Mkenya, Mtanzania, Mganda au Mnyarwanda anayeishi England kwa kibali halali ana haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa madiwani, na wa wabunge pia, bila kuchukua uraia wa Uingereza. Wengi hawalijui hili, au wamelisikia wakadhani ni uvumi. Haki hiyo inatokana na nchi zetu kuwa katika Jumuiya ya Madola, na haibagui aina ya kibali. Mwanafunzi, mhudumu wa wazee mwenye viza ya kazi, mke aliyemfuata mumewe: wote wamo, ilimradi wametimiza miaka 18 siku ya kura. Aliyeomba kuongezewa muda kabla kibali chake hakijaisha bado anahesabika kuwa na kibali wakati anasubiri jibu.

Kwa Mtanzania jambo hili lina uzito wa pekee. Kwa kuwa sheria ya nyumbani haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, wengi wanaamini kwamba ni lazima waachie pasipoti ndipo wasikike huku. Katika ngazi ya kata si kweli.

Upande wa pili wapo wasioruhusiwa. Mkongomani, Mrundi, Msomali au Mwomani hapigi kura England, hata akiwa na hadhi ya ukimbizi au kibali cha kudumu, mpaka apate uraia wa Uingereza au wa nchi nyingine inayostahili. Scotland na Wales zina utaratibu tofauti: huko mgeni yeyote mwenye kibali hupiga kura ya serikali za mitaa. Kwa hiyo Mkongomani aliyezoea kupiga kura Glasgow akahamia Birmingham anaiacha haki hiyo njiani. Mkongomani mwenye pasipoti ya Ubelgiji au Ufaransa anaweza kupiga kura ya diwani iwapo amekuwa akiishi Uingereza kihalali mfululizo tangu kabla ya mwisho wa mwaka 2020. Kama huna haki, usijaze fomu kwa kubahatisha. Kutoa taarifa za uongo kwenye usajili ni kosa la jinai, na rekodi ya namna hiyo inaweza kukuandama siku utakapoomba uraia.

Daftari

Kujiandikisha ni bure, kwenye gov.uk/register-to-vote, na huchukua kama dakika tano. Utaulizwa jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, uraia, anwani na namba ya NI (National Insurance, namba ya bima ya taifa). Usipokuwa na namba hiyo utaombwa vielelezo vingine, hukataliwi. Mwisho ni siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi, na kwa kuwa chaguzi nyingi za madiwani hufanyika Alhamisi ya kwanza ya Mei, Pasaka ikiangukia humo siku ya mwisho husogea mapema kuliko watu wanavyotarajia.

Kinachowakosesha watu wetu kura kuliko vyote ni kuhama. Jina haliwafuati. Kila ukibadilisha nyumba, hata ukihama mtaa mmoja tu, jiandikishe upya. La pili ni ile barua ya kila mwaka inayouliza nani wanaishi nyumbani. Baba mwenye nyumba akiijibu na kuwataja wote, kila mmoja hudhani ameshaandikishwa. Barua hiyo huwasaidia maofisa kujua nani wa kumfuatilia, lakini kila mtu hujiandikisha mwenyewe. Isiporudishwa kabisa, faini yake inaweza kufika pauni 1,000, na anayepuuza agizo la kujiandikisha hutozwa pauni 80.

Kuna hofu kwamba daftari hupeleka majina uhamiajini ili watu wafukuzwe. Mwenye kibali halali hana cha kuogopa, na kupiga kura si msaada wa serikali, hivyo masharti ya viza yanayokuzuia kuchukua misaada hayaugusi usajili huu. Kinyume chake, kampuni zinazopima uaminifu wako wa kukopa huangalia daftari, na asiyekuwemo hupata shida hata kufungua mkataba wa simu. Kwenye fomu weka alama ya kukataa jina lako kuingia daftari la wazi, kwa sababu hilo huuzwa kwa yeyote anayelitaka.

Mwanafunzi mwenye makazi mawili, chuoni na nyumbani, anaweza kuandikishwa kote kuwili na akapiga kura ya diwani kote kuwili, mradi ni halmashauri mbili tofauti.

Faida moja ya daftari haisemwi sana, nayo haingoji siku ya kura. Tume inayochora mipaka ya kata England hutazama idadi ya wapigakura waliomo kwenye daftari, si idadi ya watu, na hujitahidi kila diwani awakilishe idadi inayolingana. Mtaa wenye watu elfu kumi ambao nusu hawajajiandikisha huhesabiwa kama mtaa mdogo. Diwani wake atabeba matatizo ya watu wengi kuliko mwenzake wa kata ya jirani, na wakazi watashangaa kwa nini barua pepe zao hazijibiwi. Mipaka inapopitiwa upya, tume hupokea maoni ya yeyote, na barua inayoeleza kwamba msikiti, shule na maduka mnayotumia yako upande huu wa reli na si ule husomwa kwa makini.

Kata ilivyo

Usitafute ofisi ya kata. Hakuna mtendaji wa kata wala mwenyekiti wa mtaa mwenye mhuri. Kata huku ni eneo la uchaguzi tu, lenye diwani mmoja, wawili au watatu, na watumishi wote wako chini ya halmashauri. Birmingham ina kata 69 na madiwani 101, wote wakichaguliwa kwa mpigo kila miaka minne, kwa hiyo kata nyingine zina diwani mmoja na nyingine wawili. Manchester ina kata 32 zenye madiwani watatu kila moja, na huchaguliwa theluthi kwa theluthi: miaka mitatu kati ya minne kuna uchaguzi, na kila mara kiti kimoja cha kata ndicho kinachogombewa. Anayetoka mji mmoja kwenda mwingine huchanganyikiwa hapo, basi angalia tovuti ya halmashauri yako ujue mwaka wenu ni upi.

Ushindi ni wa kura nyingi zaidi, basi. Hakuna duru ya pili wala asilimia ya kufikisha. Mara nyingi wanaojitokeza ni kama theluthi ya walioandikishwa, hivyo kura chache huamua mambo makubwa. Mei 2017 kwenye kata ya South Blyth, Northumberland, wagombea wawili walifungana na mshindi akapatikana kwa kuvuta vijiti. Kwa kijiti hicho chama cha Conservative walibaki na viti 33 kati ya 67, wakakosa wingi wa halmashauri nzima.

Siku ya kura

Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi hadi saa nne usiku, na aliye kwenye foleni saa nne ikigonga ataruhusiwa kupiga. Tangu Mei 2023 lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha. Hapa tuna bahati: pasipoti ya nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola inakubaliwa, kwa hiyo ya Kenya, Uganda, Tanzania au Rwanda inatosha, hata ikiwa imeisha muda, ili mradi picha bado inafanana na wewe. Kadi ya BRP (kadi ya kibali cha ukaazi yenye picha) nayo inakubaliwa kwa sharti hilohilo. Leseni ya udereva ya Kenya au Tanzania haikubaliwi, wala kadi ya kazini, wala picha ya pasipoti iliyohifadhiwa kwenye simu. Waliohamishiwa viza ya mtandaoni wanajisahau hapa, wanafika na simu tupu. Asiyekuwa na kitambulisho chochote huomba Voter Authority Certificate (cheti cha mpigakura chenye picha) bure, mwisho saa kumi na moja jioni siku sita za kazi kabla ya uchaguzi.

Jina la kwenye kitambulisho lifanane na la kwenye daftari. Tofauti ndogo ya tahajia hupita. Mwanamke aliyejiandikisha kwa jina la mume na pasipoti ikabaki na jina la baba abebe cheti cha ndoa. Anayevaa nikabu anaweza kuomba mahali pa faragha na karani wa kike amtazame uso, na kioo kipo cha kujiweka sawa tena.

Soma juu ya karatasi ya kura imeandikwa uchague wangapi. Ikisema wasiozidi watatu, unaweza kuweka X moja, mbili au tatu. Ya nne huharibu karatasi yote. Usiandike jina lako wala kutia sahihi.

Wenye zamu za saa 12 kwenye nyumba za wazee waombe kura ya posta, mwisho saa kumi na moja jioni siku 11 za kazi kabla. Tatizo huja pale unaposahau kuandika tarehe ya kuzaliwa kwenye karatasi ya tamko: ukiandika tarehe ya leo badala yake, kura haihesabiwi. Sahihi nayo ifanane na ile ya kwenye maombi. Kura ya posta hudumu kwa muda usiozidi miaka mitatu, kisha unaomba upya. Ukizipeleka mwenyewe kituoni, ruksa ni yako na za watu wengine watano, kwa kujaza fomu. Mpiga kampeni asichukue bahasha yako kwa kisingizio cha kukusaidia. Sheria inamkataza, isipokuwa kama ni ndugu yako wa karibu au mlezi wako.

Baada ya matokeo

Wengi huishia kwenye kura, na hapo ndipo tunapopoteza zaidi. Diwani anakutumikia hata kama hukumpigia kura, hata kama huna haki ya kupiga. Mkongomani aliyezuiwa kituoni ana haki kamili ya kumwandikia.

Kwanza ripoti tatizo kwa halmashauri yenyewe na uchukue namba ya kumbukumbu. Bila namba hiyo diwani atakurudisha mwanzo. Kisha andika barua pepe fupi: jina, anwani yenye postikodi, tatizo, tarehe uliporipoti, namba, na jambo moja unalotaka lifanyike. Kama unaandika kwa niaba ya mama mzazi, ambatisha ridhaa yake. Kata ikiwa na madiwani watatu, mwandikie mmoja na nakala kwa wengine ili kazi isifanywe mara tatu. Majina yao utayapata kwa kuingiza postikodi kwenye writetothem.com.

Ukungu na unyevu kwenye nyumba ya halmashauri au ya chama cha nyumba (housing association) sasa una muda wa kisheria: tangu Oktoba 2025 hatari ya dharura lazima ishughulikiwe ndani ya saa 24, na unyevu ulio hatari uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi. Itaje sheria hiyo, Awaab's Law, kwa jina lake kwenye barua. Kwa mwenye nyumba binafsi, omba diwani awasukume maofisa wa afya ya mazingira.

Diwani hawezi kukupa nyumba. Kanuni za ugawaji zinamkataza kushiriki uamuzi ikiwa nyumba iko kwenye kata yake au mwombaji anaishi humo. Anachoweza ni kuuliza kwa nini umepangwa daraja ulilopo na kama vyeti vya hospitali vilisomwa. Hana karo za wanafunzi za kugawa, na mambo ya viza na Universal Credit (posho ya serikali kuu) mpelekee mbunge.

Kanisa au madrasa inayotaka kukodi ghala inahitaji kwanza kibali cha kubadilisha matumizi ya jengo. Wengi husaini mkataba wa miaka mitano ndipo wanaulizia. Nenda kwa diwani wa kata mapema, na ikiwezekana asiwe mjumbe wa kamati ya mipango, maana mjumbe akiahidi kabla ya kusikiliza pande zote anaweza kulazimika kujitoa.

Kugombea

Mwenye kibali cha kudumu kutoka nchi ya Jumuiya ya Madola anaweza kugombea udiwani; mwenye viza ya muda hawezi. Lazima uwe umeandikishwa kwenye halmashauri hiyo, au umeishi au kufanya kazi humo kwa miezi 12 iliyopita. Hakuna dhamana ya fedha, na wadhamini ni wawili tu walioandikishwa kwenye kata. Fomu hupelekwa kabla ya saa kumi jioni, siku ya 19 ya kazi kabla ya uchaguzi. Andika namba za wadhamini kama zilivyo kwenye daftari. Hapo ndipo fomu nyingi hukwama, basi ipeleke wiki moja mapema ikaguliwe.

Aliyeajiriwa na halmashauri hiyohiyo, ikiwemo kwenye shule zake nyingi, haruhusiwi. Muuguzi wa NHS anaruhusiwa.

Achana kabisa na takrima. Pilau na soda kwa nia ya kuvuta kura ni kosa, na kiongozi wa dini kuwatisha waumini kwa adhabu ya Mungu pia ni kosa. Mwaka 2015 mahakama ya uchaguzi ilibatilisha ushindi wa umeya wa Tower Hamlets, London, na suala hilo la kutumia dini kushawishi wapigakura lilikuwemo kwenye hukumu. Kila kipeperushi kiwe na jina na anwani ya aliyekichapa na ya anayekitoa, na hesabu za matumizi ziwasilishwe ndani ya siku 35 tangu matokeo, hata kama hukutumia senti.