Unataka ubunge wa mkoa Ontario? Anzia udiwani

Wengi wanaotaka kuingia bunge la mkoa pale Queen's Park wanakimbilia chama kwanza, wanachukua kadi, wanapiga picha na kiongozi, alafu kura zikihesabiwa wanashangaa mbona mtaani hawajulikani. Mi nasema anza na udiwani wa jiji, na ntaelezea kwa kumtumia mzee mmoja wa Scarborough, Toronto, anaitwa Raymond Cho, maana njia hii kaipita yote na kudondoka kadondoka.

Karatasi zenyewe sio ngumu. Uwe umefika miaka 18, uwe raia wa Kanada, uwe unaishi Toronto au una nyumba au umepanga hapo, ulipe ada ya dola 100 na ulete sahihi 25 za wapiga kura wanaokuunga mkono. Uchaguzi wa jiji ni kila miaka 4, ujao ni 26 Oktoba 2026, fomu zinapokelewa kuanzia 1 Mei mpaka 21 Agosti. Ile dola 100 unarudishiwa ukipeleka hesabu za kampeni kwa wakati. Ila sikiliza, usipokee wala kutumia hata senti ya kampeni kabla hujarudisha fomu, ni kosa kisheria, na kampuni au vyama vya wafanyakazi haviruhusiwi kukuchangia, hela itoke kwa watu binafsi.

Sasa utamu wa udiwani wa Toronto ni kwamba kwenye karatasi ya kura hakuna chama. Bongo bila chama hugombei hata udiwani, kule ni jina lako tupu, kwa iyo jina ndo unalijenga miaka yote hiyo. Na linajengwa na vitu vidogo sana, theluji haijazolewa, takataka zimerukwa, mti umeangukia uzio wa bibi fulani, basi la mtaani limepunguzwa, wewe unapokea simu unafuatilia mpaka liishe. Cho alianza kuchaguliwa 1991 kwenye baraza la Metro Toronto (la pamoja la miji iliyokuja kuwa Toronto ya leo), miji hiyo ilipounganishwa 1998 akaendelea na baraza jipya mpaka 2016, yaani robo karne anapokea simu za watu walewale. Halafu yeye ni Mkorea na eneo lake limejaa Wachina, Watamil, Wafilipino, Wakaribi. Kwa hesabu ya kawaida tu Wakorea peke yao wasingemfikisha popote, na sisi Waswahili tunaodhani jumuiya yetu itatubeba tutafakari hilo.

Kitu kimoja madiwani wanateleza: orodha ya watu waliopiga simu ofisini ni mali ya jiji, huruhusiwi kuihamishia kwenye kampeni. Tengeneza ya kwako pembeni, kwa watu uliogonga milango yao mwenyewe wakakubali uwaandike.

Mpaka wa kata nao unakusaidia. 2018 Doug Ford, ambae naye alikuwa diwani 2010 mpaka 2014, akagombea umeya akashindwa, alipopata uwaziri mkuu wa mkoa akapunguza viti vya baraza la Toronto kutoka 47 vilivyopangwa hadi 25 katikati ya kampeni kabisa (mkoa una mamlaka juu ya jiji, ndo maana watu wanataka kupanda). Kesi ikafika Mahakama ya Juu, 2021 majaji 5 kwa 4 wakampa ushindi. Sasa kata hizo 25 zilichorwa kufuata majimbo ya uchaguzi, kwa iyo diwani akigombea ubunge anarudi kwenye milango ileile.

Ukitaka kupanda hapo sasa chama huepuki. Mgombea anapigiwa kura na wanachama wa jimbo, so unaandikisha wanachama wako mapema kabla daftari halijafungwa, na vyama vinaruhusu hata vijana wasiofika 18, usiwadharau. Ila jua kiongozi wa chama anaweza kumteua mtu wake moja kwa moja, kwa hiyo ongea na makao makuu kabla hujachapisha fulana.

Na usiachie kiti cha udiwani mapema! Sheria inakuruhusu kugombea ubunge ukiwa diwani. Juni 2014 Cho aligombea kwa tiketi ya chama cha PC (wahafidhina, chama cha Ford), akapigwa na Bas Balkissoon wa Liberal, ambae pia alikuwa diwani kabla ya kuingia bungeni 2005. Oktoba mwaka uleule Cho akarudi kwa watu wake wakampa udiwani tena kama kawa. Machi 2016 Balkissoon akajiuzulu, ukaitishwa uchaguzi mdogo 1 Septemba, mzee akashinda akiwa na miaka 79, na 2018 akawa waziri wa wazee. Angejiuzulu 2014 ili aonekane yuko siriasi, sijui angegombea na nini 2016.

Ukishinda ndo unaachia, huwezi kukalia viti viwili. Kata ya Cho ikabaki wazi mpaka uchaguzi mdogo wa Februari 2017, akaichukua Neethan Shan, ambae miezi michache nyuma alikuwa amegombea ubunge dhidi ya Cho huyohuyo kwa tiketi ya NDP, chama cha mrengo wa kushoto. Kwa hiyo siku unapanda, angalia nani anakodolea macho kiti unachoacha.