Jinsi ya kumpima kocha wa ulinzi wa mpira wa Kimarekani

Usianze na jumla ya yadi ambazo ulinzi wake umeruhusu wapinzani kusonga. Mimi ni shabiki wa timu ya Chiefs, naishi hapa Kansas City, na namfuatilia kocha wetu wa ulinzi, Steve Spagnuolo, tangu alipokuja 2019. Mwaka 2012, akiwa na timu ya New Orleans, ulinzi wake uliruhusu yadi 7,042, rekodi mbaya ya NFL, ligi kuu ya mchezo huu. Ungemhukumu kwa hesabu hiyo tu, usingemwajiri tena. Lakini Februari 2008, akiwa na timu ya Giants, kwenye fainali aliibana Patriots iliyokuwa haijapoteza mechi hata moja msimu huo, ikaambulia alama 14. Giants walikuwa na Strahan, Tuck na Umenyiora, wachezaji hodari wa mstari wa mbele wa ulinzi. New Orleans hakuwa na watu wa aina hiyo, na kocha mkuu alikuwa amefungiwa msimu mzima. Kwa hiyo kabla ya lolote, uliza amepewa wachezaji gani.

Kisha tazama jaribio la tatu (timu hupewa majaribio manne kusogeza mpira yadi kumi), hasa zikibaki yadi tano au zaidi. Hapo ndipo kocha anapojieleza. Mpira ukianza kuchezwa, uache mpira, hesabu walinzi wanaomkimbilia kwotabeki, yaani mrusha pasi. Wanne ni kawaida. Wakiwa watano au sita, kocha ameamua kuvamia. Angalia pia wanatoka wapi. Kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, ya Februari 2024 dhidi ya 49ers, zikiwa zimebaki kama dakika mbili, jaribio la tatu na yadi tano, Spagnuolo alimtuma Trent McDuffie, ambaye ni beki wa pembeni. Purdy, kwotabeki wa 49ers, hakumtarajia, na McDuffie akaugusa mpira ukiwa unatoka mkononi. 49ers wakapiga teke la alama tatu badala ya kuendelea kula muda, Chiefs wakapata nafasi ya kusawazisha, na wakashinda 25–22 katika muda wa nyongeza. Kwangu huo ndio ubora wake mkubwa: haogopi kuamua pale ambapo wengine wangerudi nyuma kujilinda.

Udhaifu unakaa hapo hapo. Kila anayetumwa mbele anaacha pengo nyuma, na mabeki wa pembeni wanabaki peke yao na wapokeaji wa pasi. Kwa hiyo andika mavamizi yote, hata yaliyozaa pasi ndefu, maana televisheni hurudia zaidi yale yaliyofaulu. Jiulize kama kocha anavamia kwa kupenda, au kwa sababu wanne wake wa mbele wameshindwa. Kwenye Super Bowl ya 2025 Vic Fangio, kocha wa ulinzi wa Eagles, hakuvamia hata mara moja, lakini Eagles walitufunga 40–22 na Mahomes, kwotabeki wetu, aliangushwa mara sita. Iliniuma sana, ila lazima niseme ukweli: kocha mwenye wanne wa namna ile, anayejizuia kuongeza wa tano, amefanya kazi safi.

Ili kuona kama kocha amerekebisha mambo wakati wa mapumziko, linganisha tu alama ambazo wapinzani walipata katika vipindi viwili. Ravens, walipocheza na Chiefs Januari 2024, walipata saba kipindi cha kwanza, tatu cha pili.

Mwisho, fuata vijana. L'Jarius Sneed alichaguliwa na Chiefs raundi ya nne ya uteuzi wa wachezaji wapya mwaka 2020, akawa beki tegemeo, kisha 2024 akapelekwa Titans. Andika majina ya wanaoziba nafasi kama hizo mwezi Septemba, uwatazame tena Desemba, uone nani bado anaachwa na wapokeaji kwa mbio zile zile.