Usiandike 140 Ukaondoka: Kusikiliza Moyo wa Mtoto Tumboni

Mabinti wanaokuja kujifunza ukunga kwetu hapa Kigoma ni wepesi wa namba. Binti anaweka fetoskopu, ile pembe ya kusikilizia moyo wa mtoto, anatazama saa, anaandika mapigo 140 kwa dakika, huyo kashaondoka. Namrudisha. "Mwanangu, mapigo yalikuwa yanachezacheza, yanapanda na kushuka, au yamenyooka?" Ananikodolea macho.

Moyo wa mtoto huanza kupiga kwenye wiki ya 6 hivi ya ujauzito, ubongo ukiwa bado hauwezi kuuamrisha. Kufika wiki ya 9 unakwenda mbio, kama 170 kwa dakika. Baadaye shina la ubongo linakomaa na kuushika kwa mishipa ya fahamu: uitwao vagasi unapunguza mwendo, mingine inaongeza. Mtazame dereva wa bajaji anavyoshuka Mwanga kwenda stesheni, mkono kwenye mafuta, mguu kwenye breki, hatulii. Ndivyo mapigo yanavyocheza kati ya 110 na 160. Yakicheza, ujue ubongo unapata oksijeni na uko kazini.

Sasa, mama alale ubavu kidogo, wa kushoto, tumbo lisibane mshipa mkubwa wa damu. Papasa utafute mgongo wa mtoto, sauti iko upande huo. Weka pembe, bana kwa sikio, achia mkono. Ukiishika utasikia vidole vyako vikikwaruza. Mkono huo upeleke kwenye mshipa wa mama, kwenye kifundo cha mkono, usije ukahesabu mapigo yake ukadhani ni ya mtoto. Mimi mwaka wangu wa pili kazini nilihesabu 112 nikafurahi. Mama alikuwa na homa ya malaria. Bibi mkunga wa zamu akamshika mkono, akasema, "Umemsalimia mama mara mbili." Mtoto tulimkuta upande wa pili, 168, homa ya mama imemkimbiza.

Hesabu dakika nzima, lakini kwa vipande vya sekunde 5: 11, 12, 12, 13, 12. Kila kipande zidisha kwa 12. Mama akisema "huyo anageuka", tega vizuri: mimba ikipita wiki 32, mapigo hupanda 15 au zaidi, kwa sekunde 15 au zaidi. Kule kucheza kwa pigo hadi pigo sikio halikupati; ni kazi ya mashine inayochora kwenye karatasi, nayo tunataka mstari upande na kushuka kati ya mapigo 5 na 25.

Uchungu ukianza, sikiliza kila dakika 15 hadi 30, mara tu uchungu unapoachia. Akianza kusukuma, kila dakika 5.

Yakinyooka, usipige kelele kwanza. Mtoto hulala dakika 20 hadi 40. Uliza pia kama mama kachomwa pethidini ya maumivu, au magnesiamu salfeti ya kifafa cha mimba. Zote hutuliza mapigo. Soda mnayopenda kumnywesha haijathibitika kumwamsha mtoto, mwacheni mama. Rudi usikilize. Bado yamenyooka, au yametoka nje ya 110 na 160, au mama anasema mtoto hachezi kama jana? Mwite daktari saa hiyohiyo. Ukiwa Kalya, kule mbali kando ya ziwa, piga simu ya boti kabla hujamaliza kujaza fomu.

Kwenye fomu nataka kuona hivi: "Saa 9:20 usiku. 132 hadi 156, yanacheza, yalipanda mtoto alipogeuka. Mshipa wa mama 84."