Tawi la Ngowe Limekatwa Bure: Jua Okidi Kabla Haijatoa Ua

Kaskazi ikielekea kwisha, mapanga hupanda miembeni kuanzia Ganda hadi Jilore, huku Malindi, na kosa ni lile lile. Okidi, mmea wa maua unaoishi juu ya mti, imeangushwa na tawi lake zima; kirukia, mmea unaonyonya mti, kimeachwa kinanawiri. Mzee mmoja alinionyesha matawi matatu ya ngowe, aina ya mwembe, kila moja nene kama paja, yamelala chini. "Nimetoa mnyonyaji, mwanangu." Juu ya kichwa chake kirukia kilikuwa kimejaa majani.

Okidi hainyonyi mti. Imejishikiza kwenye gome tu, inakunywa mvua na umande. Shida ni kwamba bila ua watu huiona kichaka kama vichaka vingine.

Basi usingoje ua, tazama mizizi. Chukua kikombe cha maji, mwagia, hesabu hadi 60: mizizi ya okidi iliyokuwa nyeupe kama chokaa hugeuka kijani. Ibandue kwa ukucha, utakuta gome chini yake ni zima. Ile yenye mashina kama vijiti vya muwa, inayotoa maua ya manjano yenye madoa ya chui, hujizungushia mizizi iliyosimama wima kama sindano na kukusanya majani makavu. Nyingine haina jani hata moja, ni fundo la nyuzi za kijivu. Hiyo wengi huisugua wakidhani ni ugonjwa.

Kirukia kina matawi ya mti hasa, na kinapoungana na mwembe pana uvimbe kama goti. Kwangua kwa ncha ya kisu: huoni mwanya. Tawi kupita hapo limekonda.

Hicho ndicho cha kukata, baada ya mavuno na kabla masika haijaanza, sentimita 30 kutoka kwenye uvimbe kuelekea shinani. Rula nzima ya shule! Si kiganja, si "hapa hapa panatosha." Vinyonyeo vyake vimeshatambaa ndani ya mti, ukikata karibu kitachipua, na mwakani utanilaumu mimi. Kikiwa kwenye shina lenyewe, kikwanyue kila kinapochipua, kabla hakijazaa, maana ndege hula tunda na kuacha mbegu yenye ulimbo kwenye tawi jingine.

Okidi uliyokwisha kuiangusha ifunge kwa kamba ya katani kwenye mti mwingine, penye kivuli chepesi.

Machipukizi ya mwembe yakitoka chini ya mkato bila kirukia, umepatia.