Somo: Nani atahitaji ICU? Kumpima mgonjwa aliyekunywa dawa kupita kiasi

Somo hili ni la wenzangu wa zamu za dharura Dar es Salaam, hasa mlioko Mbagala, Gongo la Mboto na Kigamboni, ambako rufaa ni lazima uipigie hesabu pamoja na foleni ya magari. Kitanda cha ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) kiombwe mgonjwa akiwa bado anapumua vizuri.

Hatua ya 1. Njia ya hewa, upumuaji, oksijeni. Kisha sukari ya kidole, papo hapo. Sukari ikishuka, mgonjwa hulala fofofo kama aliyekunywa dawa za usingizi.

Hatua ya 2. Andika umri, presha, mapigo na alama za Glasgow (kipimo cha fahamu, kutoka 3 hadi 15; namba ndogo ni mbaya). Uholanzi wana kipimo kinachojumlisha hayo na aina ya dawa pamoja na maradhi mengine aliyonayo mgonjwa. Akipata chini ya 6, uwezekano wa kuhitaji ICU katika saa 24 za mwanzo ni mdogo sana. Mimi nakitumia kusaidia uamuzi tu, maana kilipimwa kwa wagonjwa wa kwao.

Hatua ya 3. Dawa gani, na saa ngapi? Hapa ndipo tunapopoteza watu. Mtume ndugu mmoja kwa bodaboda akalete kila paketi na kila bahasha, hata tupu. Bahasha ikisema 1x1 na tarehe ya juzi, unajua vidonge vingapi vilipaswa kubaki. Aliyekunywa amitriptilini (dawa ya sonona) anaweza kuongea nawe vizuri, halafu baada ya muda mfupi akaanza degedege. Mpime umeme wa moyo: QRS (wimbi la vyumba vya chini vya moyo) ikizidi milisekunde 100, piga simu ICU. Wa parasetamo naye siku ya kwanza huonekana mzima, ini linaharibika baadaye.

Hatua ya 4. Rudia vipimo vyote kila nusu saa, uviandike. Namba zinazoshuka zina uzito kuliko namba moja mbaya.

MASWALI

Dokta, Glasgow ni 7. Lazima nimwekee mpira wa kupumulia?
Si lazima kwa namba hiyo peke yake. Utafiti wa Ufaransa wa 2023 ulionyesha kuwa waliosubiriwa chini ya uangalizi wa karibu walipata nafuu zaidi. Wenye degedege, mshtuko au shida ya kupumua hawakuhusika, wala waliokunywa dawa za moyo. Asiachwe peke yake hata dakika moja.

Mgonjwa wa methadoni ameamka kwa naloksoni (dawa inayozima nguvu ya methadoni na jamii yake), ndugu wanataka kuondoka naye.
Wabembeleze wabaki, sista. Naloksoni huisha nguvu ndani ya saa moja hivi, methadoni bado imo mwilini, na pumzi inakatika tena akiwa nyumbani.

Na sumu ya wadudu?
Mboni ndogo kama ncha ya sindano, mate, kifua kinachokoroma: atropini mpaka kifua kikauke, na ICU ijulishwe tangu mwanzo. Kifua kikishakauka usimtoe, kwani kati ya siku ya 1 na ya 4 misuli ya kupumua inaweza kulegea. Kila asubuhi mwambie anyanyue kichwa kutoka kwenye mto. Akishindwa, mpeleke ICU.