Kutia nanga Kilwa: pimieni maji ya kujaa

Wawili mnaoendesha boti wenyewe kati ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, msikadirie urefu wa amari (kamba au mnyororo wa nanga) kwa kina mnachokiona. Siku za bamvua, yaani za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupanda zaidi ya mita 3. Mkitia nanga maji yamekupwa, kina mita 3, ongezeni 3.5 za kujaa na 1 ya kimo cha omo (mbele ya boti) juu ya maji: 7.5. Zidisheni kwa 5, mtoe kama mita 38. Amari fupi huvutwa wima na kung'oa nanga, mara nyingi usiku mmelala. Mmoja akae omo, mwenzake arudishe boti nyuma polepole mpaka amari ikaze. Ukiishika ukasikia inatetemeka, nanga inaburuzika, ing'oeni, mrudie. Chagueni mchanga, kamwe si matumbawe: mnyororo huyavunja, tena hunasa humo.